Wabebaji wa Usiku na Sanduku Lao

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, katika sherehe ya kuchangia vikundi vya kujitolea vya uokoaji. Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Siku ya Wakimbizi Duniani.

   

Kamati imenipa dakika ishirini. Wazazi mnaonijua mnacheka, kwa sababu mwalimu akishika chaki hana saa. Lakini akina mama wa Kisomali wamekwisha kuanza kukaanga sambusa, wapiga ngoma wa Burundi wameweka ngoma zao juani ili ngozi zikaze, na timu mbili za mpira zinapasha miili. Hao siwezi kuwashinda. Nitasema lililonileta.

Siku hii ya tarehe 20 Juni ilianza kuadhimishwa duniani kote mwaka 2001, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ulipotimiza miaka 50. Kwa kawaida ni siku ya sisi kusemewa na kuhesabiwa. Hotuba husema tuko wangapi, tumetoka wapi, tumepewa nini. Mwaka huu Kamati imeamua kuweka jambo jingine katikati ya uwanja, nalo ni lile sanduku mnaloliona mezani mbele ya Mwenyekiti, lenye makufuli mawili. Sanduku hilo si la shirika lolote. Ni la watu tunaowaita usiku.

Kwa wageni ambao hawawafahamu, nieleze kidogo. Katika kila kijiji cha makazi haya wako wanaume na wanawake ambao mlango wao hugongwa watu wengine wakiwa wamelala. Wengine ni wa VHT, yaani timu za afya za vijiji, mpango ambao Wizara ya Afya ya Uganda iliuanzisha mwaka 2001. Wengine ni wa Msalaba Mwekundu. Wengine hawana kadi wala fulana ya mtu yeyote: ni vijana wa machela, ni waendesha boda boda wanaompeleka mgonjwa bila kuuliza nauli, ni wamama wanaomsindikiza mwenye uchungu wa kuzaa wakimshika mgongo njia nzima. Nyumba ikishika moto, turubai likawaka na nyasi zikawaka, ndio hao hao wanaokimbia na ndoo na mchanga. Mtu akizama ziwani, ndio wanaoingia majini. Hawapati mshahara. Wakipata kitu, ni sabuni au fulana, na fulana moja haifui nyingine.

Kwa nini tunawahitaji, wakati magari ya wagonjwa yapo? Yapo, na tunashukuru kwa dhati. Wako watoto hapa uwanjani walioponywa na magari hayo. Lakini makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, yakatangazwa rasmi mwaka 1960, na tangu hapo yamekuwa yakipanuka. Vijiji vimetawanyika kati ya vilima na ziwa, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo. Gari moja likiwa limempeleka mtu Mbarara haliwezi kuwa Rubondo. Mvua ikinyesha siku tatu, kuna njia ambazo hata pikipiki hulala. Simu nayo huzimika, au haina salio, au mtu yuko bondeni ambako hakuna mtandao. Hapo katikati, kati ya nyumba ya mgonjwa na mahali gari linapoweza kufika, hakuna kitu kingine isipokuwa mabega ya watu.

Wanaofundisha mambo ya uzazi salama wana somo moja ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mjamzito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani: mume hayupo, mama mkwe anasema tusubiri asubuhi. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La kwanza ni letu, tulizungumze majumbani. La tatu ni la waganga na wakunga na wale wanaowapa dawa na damu. La pili, lile la njiani, ndilo la sanduku hili. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Saa mbili, ndugu zangu. Ni muda wa kipindi cha mpira, mapumziko, kipindi cha pili na maneno ya kocha. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani naye hasubiri jua lichomoze.

Nitasimulia usiku mmoja tu, na jina la mama huyo nitaliacha kwake mwenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua. Uchungu ulimshika jioni, saa nne usiku mtoto akazaliwa salama, lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu ikaanza. Gari liliitwa, likajibu kwamba liko njiani kutoka upande wa pili, na kweli lilikuwa njiani. Mama wa VHT, ambaye ni jirani yangu, hakungoja. Alipiga kengele, si kengele hasa bali ile rimu ya gurudumu iliyotundikwa mtini. Tukatoka. Machela haikuwepo, ile ya kijiji ilikuwa imevunjika mti mmoja tangu mwezi uliotangulia na hapakuwa na pesa ya kuitengeneza. Tukageuza kitanda cha miti, tukakifunga kwa vitenge, mama akalazwa, mtoto akabebwa kifuani na bibi yake.

Vijana wanne walibeba, wanne wakafuata wa kuwapokea. Walivua ndala kwa sababu ya tope. Tochi ilikuwa moja, betri zake zimechoka, na aliyeishika alikuwa akiigonga kwenye paja ili iwake tena. Kwenye mteremko mmoja kijana wa mbele aliteleza akapiga goti kwenye jiwe, lakini hakuachia mti. Nakumbuka hakulia, alisema tu, “Pokea, kaka, pokea,” mpaka mwingine akaingiza bega. Tulikutana na gari kwenye njia kubwa, likampokea, na mama yuko hai. Yuko hai na leo anauza maandazi katika sherehe hii, na hataki nimwoneshe kwa kidole.

Yule kijana wa goti hakufanya kazi wiki mbili. Yeye hulima kibarua katika mashamba ya ndizi ya wenyeji, analipwa kwa siku. Wiki mbili hakuna siku hata moja. Nani alilisha watoto wake? Majirani walitoa unga, huyu kikombe, huyu kikombe, na baadaye wakachoka, maana nao wana watoto. Hilo ndilo jambo ambalo tumelinyamazia kwa miaka mingi. Tunasema “mtu wa kujitolea” kana kwamba maana yake ni mtu asiyegharimu kitu.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita nimewapa hesabu hiyo wiki iliyopita, na naomba niwarudishie wazazi hesabu ya watoto wenu. Wanaobeba ni wanne. Wanaopokea ni wanne. Mwenye taa ni mmoja, msindikizaji wa mama ni mmoja. Jumla ni watu kumi kwa mgonjwa mmoja. Wakitoka saa nne usiku na kurudi alfajiri, kesho yake hakuna anayeweza kulima. Basi mgonjwa mmoja ni siku kumi za kazi. Kijiji chenye wagonjwa watatu wa namna hiyo kwa mwezi kimetoa siku thelathini za kazi, yaani mtu mmoja mzima amefanya kazi mwezi mzima bila mshahara. Mwanafunzi mmoja akainua mkono akauliza, “Mwalimu, na betri ya tochi je, tunaijumlisha?” Nikamwambia aijumlishe. Wakajumlisha betri, na vitenge vilivyochanika, na ndala moja iliyobaki kwenye tope. Tukafika mahali ubao ukajaa.

Sasa, ndugu zangu, jambo hili halikuanzia kambini, na wala hatukufundishwa na semina. Kila taifa lililokaa hapa lina neno lake la kubeba mgonjwa. Sisi wa Kongo tunasema tipoyi, au kipoyi. Wazee wetu wanalijua neno hilo kwa uchungu, kwa sababu zamani za ukoloni tipoyi ilikuwa kiti cha mkubwa. Mzungu alikaa, wanaume wanne wakabeba, na aliyechoka alijua kinachomngoja. Baadaye miti ile ile na jina lile lile vikabaki milimani kwa kazi nyingine. Huko Kivu, mahali ambapo gari halifiki, mpaka leo mgonjwa huletwa hospitali kwa tipoyi. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda wanasema ingobyi. Na wenyeji wetu wa magharibi mwa Uganda, Wanyankole na Wakiga, wanasema engozi. Sikilizeni maneno hayo mawili, ingobyi na engozi, mtaona ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa wenyeji wetu engozi haikuwa machela tu, ilikuwa chama. Naomba tuwasikilize hapa, kwa sababu wametutangulia. Katika vijiji vya milimani, Kabale na sehemu za jirani, watu waliunda vyama vya engozi ambavyo kila nyumba iliingia. Mgonjwa akitokea, nyumba zinatoa wanaume wa kubeba kwa zamu mpaka hospitali. Asiyekuja bila sababu hulipa faini. Mjane au mzee asiyeweza kubeba hutoa kitu kingine, chakula au mchango. Na mchango huo ulitunzwa, mwanachama akaweza kukopeshwa apate kulipia matibabu. Mtu akifariki, chama hicho hicho humrudisha nyumbani na kusaidia mazishi. Kwa hiyo walikuwa na mabega, wakawa na daftari, wakawa na mfuko. Ndiyo sababu hospitali ya Kisiizi kule Rukungiri, ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996, haikuanza kumwandikisha mtu mmoja mmoja kutoka hewani. Iliingia kupitia vyama vya engozi, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuaminiana kwenye njia za usiku.

Na msidhani ni habari za kale. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa Korona. Mwisho wa mwezi Machi Serikali ilisimamisha usafiri wa umma, kisha tarehe 30 ikasimamisha hata magari ya watu binafsi. Mgonjwa alitakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya wa serikali kuu, RDC, kabla ya kupanda gari. Mwezi Aprili wajawazito wakaruhusiwa kwenda bila kibali, baada ya malalamiko mengi nchi nzima. Katika wiki zile, hapa kwetu na huko vijijini kwa wenyeji, aliyeokoka aliokolewa na miguu ya majirani. Hakuna aliyeandika majina yao.

Sasa nijibu maneno ninayoyasikia tangu tangazo la sherehe hii libandikwe.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, “Mwalimu, sisi ni wakimbizi. Tangu lini anayepokea msaada akachangishwa? Hiyo ni kazi ya mashirika.” Mzee wangu uko hapa, na sitakudharau kwa jibu jepesi. Kwa sehemu unasema kweli. Barabara, gari, mafuta ya gari, dawa, mishahara ya wakunga, hayo si ya sanduku la sambusa. Hata tukicheza ngoma mwaka mzima hatutanunua gari la wagonjwa. Na hapa naomba nigeuke niwaangalie wageni wetu wa mashirika na wa ofisi, mnisamehe nikisema waziwazi. Tunajua hali ilivyo. Mwaka 2023 WFP ilianza kutugawa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Mwezi Mei 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa kwenye msaada wa chakula hapa Uganda. Mwaka huo huo tuliona wafanyakazi wakiaga na ofisi zikifungwa, kwa sababu fedha za Marekani na za nchi nyingine zilikatwa. Kwa hiyo hofu yetu ina msingi. Tunaogopa kwamba picha ya sanduku hili itaingia katika ripoti, na chini yake paandikwe kwamba jamii sasa inajitegemea katika usafiri wa wagonjwa, kisha gari lipunguzwe. Tafadhali msiiandike hivyo. Andikeni kwamba watu wenye chakula pungufu wamechanga kwa ajili ya sehemu ya njia ambayo gari halifiki, na kwamba sehemu inayofikika bado ni yenu na yetu pamoja.

Lakini Mzee, sehemu ile nyingine, kutoka mlangoni kwako hadi njia kubwa, tukisema ni ya mashirika, tumsubiri nani saa saba usiku? Wao wenyewe watakuambia hawalali hapa. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kuunda vyama visivyo vya siasa na visivyotafuta faida. Ni haki ambayo wakimbizi wa nchi nyingi hawana. Tumeitumia kwa kwaya, kwa mpira, kwa likelemba za akina mama. Tuitumie na kwa hili.

Neno la pili limetoka kwa vijana wenyewe, si wote, lakini wamo. Wanasema fedha zikipatikana zigawanywe kwao, kila mtu apate posho yake. (Wenyeji wetu wakisikia “posho” wanafikiri ugali, ni posho ya mfukoni ninayosema, ingawa mwishowe nayo huishia kwenye sufuria.) Nawaelewa. Mtu amebeba miaka mitatu hajapewa hata asante ya karatasi. Hata hivyo mimi napinga, na nimepinga ndani ya Kamati, na napinga hapa mbele yenu. Fedha za siku moja tukizigawa kwa watu wote wa vijiji vyote, kila mmoja atapata kitu cha kununua soda, na kesho kutwa tochi bado haina betri. Halafu mwaka kesho, zikikosekana, yule aliyezoea kulipwa atauliza kwanza kabla ya kuamka. Wale wa engozi hawakumlipa mbebaji. Walihakikisha kwamba kubeba hakumfilisi. Ni vitu viwili tofauti, na kwangu mimi tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo yote ya leo.

Kwa hiyo pendekezo lililokubaliwa ni hili. Kwanza zinunuliwe machela imara, za turubai nene na miti miwili, moja kwa kila kijiji kwa kadiri fedha zitakavyofika, tukianza na vile vilivyo mbali zaidi na njia kubwa. Kisha tochi na betri, mabuti ya mvua, makoti ya mvua, glavu, na sabuni. Glavu msizidharau. Anayeshika damu ya mtu mwingine kwa mikono mitupu anawaweka hatarini watoto wake mwenyewe, na tuliokulia Kongo na hapa Uganda hatuhitaji kuelezwa Ebola ni nini. Ziwepo na vocha za simu kwa mtu mmoja wa kila kijiji, ili asiishiwe salio wakati wa kuita gari. Ndoo za mchanga na makopo ya maji kwa ajili ya moto ziwekwe sokoni, na wenye maduka wenyewe wamekubali kuzilinda. Na sehemu moja ya fedha isiguswe kwa vifaa kabisa. Ibaki mfuko wa mbebaji aliyeumia, apate chakula cha nyumba yake kwa siku atakazokaa bila kibarua. Yule wa goti asirudi kuomba unga kikombe kwa kikombe.

Neno la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu halisemwi kwa sauti. Mtu anasema moyoni: mimi naishi karibu na kituo cha afya, nina pikipiki, sina mjamzito nyumbani, machela ya Rubondo inanihusu nini?

Nitajibu kwa habari ya mbali kidogo, mnivumilie, mwalimu hawezi kumaliza bila ramani. Uingereza wako watu wa kujitolea wanaotoka na mashua wakati wa dhoruba kuokoa wanaozama baharini. Mwezi Desemba 1886, meli ya Kijerumani iitwayo Mexico ilipata ajali karibu na pwani ya Southport. Mashua za uokoaji zilitoka, mbili kati yake zikapinduka, na waokoaji 27 wakafa usiku mmoja. Hawakuwa askari, walikuwa wavuvi wenye wake na watoto. Wale wa meli waliokolewa na mashua nyingine. Baadaye bwana mmoja mwenye viwanda vya pamba, Charles Macara, akaona kwamba kazi ile inategemea fedha za matajiri wachache. Mwezi Oktoba 1891 yeye na mkewe Marion wakafanya sherehe ya barabarani katika mji wa Manchester. Walipitisha bendi za muziki na mashua zenyewe zikivutwa katikati ya mji. Wanawake walifunga mikoba kwenye fito ndefu ili wafikie watu waliokaa madirishani na juu ya magari ya abiria, wakatumbukiza senti zao. Siku hiyo zilikusanywa zaidi ya paundi 5,000, na miji mingine ikaiga.

Sasa wanafunzi wangu, Manchester iko wapi? Haiko baharini. Wengi waliotumbukiza senti hawakuwa na mashua wala mtoto baharia. Walikuwa wafanyakazi wa viwandani, na wengine labda hawakuwahi kuona wimbi. Lakini walikuwa wamesikia habari ya watu 27, na waliona mashua ikipita mbele ya macho yao. Ndiyo sababu Kamati imeleta machela hapa uwanjani leo, ile iliyovunjika na ile mpya ya mfano, mzitazame kwa macho yenu. Watoto wanaruhusiwa kulala juu yake wabebwe mzunguko mmoja wa uwanja. Wakubwa pia, ila wanene walipe mara mbili.

Limebaki jambo la uaminifu, na hapa sitazunguka. Sote tunajua michango iliyokusanywa katika makambi mbalimbali tuliyopitia, ikamezwa na daftari. Mtu aliyechanga mara moja akadanganywa hachangi tena, na anayeumia si mla fedha, ni mama wa usiku ule. Kwa hiyo utaratibu ni kama ifuatavyo. Ufunguo mmoja wa sanduku anao mama mmoja aliyechaguliwa na vikundi vya akina mama, wa pili anao kiongozi wa dini. Hawalifungui mpaka wote wawili wawepo. Wahesabu ni watano, mmoja wao ni mwenyeji wetu wa Isingiro, kwa sababu wenyeji nao hutibiwa katika vituo hivi na wabebaji wetu hawamwulizi mgonjwa kadi ya kijani wala kadi nyeupe. Hakuna mwanakamati aliye mhesabu. Mimi pia simo. Fedha zitahesabiwa leo hii hapa uwanjani, kabla giza halijaingia, na kiasi kitasomwa kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole. Kila kitu kitakachonunuliwa, bei yake na kijiji kilichokipokea vitaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa katika ubao wa kituo cha afya, na wanafunzi wa darasa la sita watahakikisha hesabu. Nawaonya wauzaji mapema, watoto hawa sasa wanajumlisha hata betri.

Asiye na shilingi asiondoke kichwa chini. Pale kwenye meza ya pili kuna daftari la nguvu. Andika jina, kijiji, na usiku upi wa juma uko tayari kuitwa. Fundi seremala aandike miti, fundi cherehani aandike kushona turubai. Mama aandike kwamba siku mbebaji wa mtaa wake ameumia atapika sufuria moja ya sombe au ya maharage. Hayo yote yatasomwa pamoja na fedha, kwa sauti ile ile.

Mwenyekiti ananionesha saa. Meza ya kwanza iko karibu na goli la upande wa ziwa, meza ya pili chini ya mti walipo wanafunzi, na sambusa, samaki na maandazi mtaviona wenyewe kwa kufuata pua. Nusu ya bei ya kila kitu kinachouzwa leo inaingia sandukuni, wauzaji wenyewe wamekubali hivyo. Mpira unaanza saa nane kamili, ngoma baada ya mpira, na kuhesabu fedha kunaanza saa kumi na moja. Wabebaji wa vijiji vyote waliopo, pamoja na wamama wa VHT, tafadhali simameni sasa mlipo, tuwaone.